Kebo ya TV kambini: nililipia rimoti ya mtu wa baa

Kambi yenyewe siitaji jina, ila iko ufukweni mwa Nile, upande wa Jinja, na kwa habari ya kebo ya TV sirudi pale.

Ilikuwa wakati ule wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Nilimpeleka Mzee, baba yangu, apumzike siku mbili tatu karibu na maji. Tulikwenda na kempa, gari la kulala humo humo, kwa sababu magoti yake hayataki tena ngazi wala vilima. Mzee ni mwanajeshi mstaafu, na Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, wakicheza hakuna mgeni, simu wala chakula kitakachomtoa mbele ya TV. Robo fainali dhidi ya Senegal, pale uwanja wa Namboole, ilikuwa iangukie usiku wetu wa pili. Kwa hiyo nilipopiga simu kuuliza nafasi, swali langu lilikuwa moja: TV ipo? Nikajibiwa, "Kebo iko kwenye kila nguzo, boss. Chaneli zote." Shilingi 25,000 kwa siku, mbali na pesa ya uwanja wa kuegesha gari na umeme. Nikalipa za siku zote mbili.

Tumefika, nimevuta waya kutoka kwenye nguzo ya pale tulipoegesha hadi kwenye soketi ya ubavuni mwa gari, TV haioni kitu. Akaja fundi wao, mikono mfukoni, hata kuinama hakuinama. "Gari lenu ndilo bovu. Nguzo zetu ni nzima." Akaenda zake.

Gari letu nalijua. Ndani ya kabati kuna swichi ya busta, kile kikuza mawimbi cha antena ya juu ya paa. Ile taa yake nyekundu ikiwaka, TV inasikiliza antena na kebo ya nje inafungiwa njia. Nilikuwa nimeizima tangu mwanzo. Basi nikafungua kisanduku cha nguzo kwa tochi ya simu. Kile kichwa cha waya kilikuwa kimeota kutu ya kijani, na uzi wa shaba wa katikati umekatikia ndani kabisa. Nyuzi nyembamba za wavu wa nje zimejikunja zikaugusa. Hapo hata ungeleta TV ya ikulu isingeonyesha kitu. Asubuhi nikapanda boda hadi mjini, nikanunua kichwa kipya, nikakata waya kwa wembe, nikausafisha, nikaacha shaba ichungulie kidogo tu, nikakaza. Nikaiambia TV itafute chaneli za analogi, maana kebo ya ndani kama ile mara nyingi hutumia mtindo wa zamani, ule uliozimwa hewani Kampala mwaka 2015. Ikapata.

Chaneli moja!

Nikaufuata waya kwa macho, nguzo kwa nguzo, hadi paa la baa. Dishi moja limelala karibu chali, kama yalivyo madishi mengi huku kwetu, setilaiti ikiwa karibu utosini, na maji ya mvua ya jana yametuama ndani yake. Waya mmoja unashuka hadi dikoda moja, kando ya chupa za waragi. Kwa hiyo hizo "chaneli zote" ni ile moja anayoitazama mtu wa baa, na sisi wa nguzoni tunatazama alichochagua yeye. Kwa 25,000!

Nikameza hasira kwa ajili ya mechi. Usiku Mzee amevaa jezi, blanketi miguuni, kipindi cha kwanza kimekwenda vizuri, picha safi kabisa. Kipindi cha pili hakijafika mbali, ghafla: video za muziki. Nikakimbia baa. Kuna sherehe ya kuzaliwa, wanataka kucheza. Nikamweleza mtu wa baa kwa adabu kwamba nimelipia, na kwamba nina mzee pale garini hawezi kupanda huku. Hakuniangalia. "Mwambie mzee alale."

Mwambie mzee alale! Mtu aliyesimama zamu za usiku miaka mingi ili wengine walale. Hadi leo nikikumbuka mikono inanitetemeka.

Aliyetuokoa ni askari wa geti. Alisikia sauti yangu, akaja na redio yake ndogo ya betri, akaiweka juu ya goti la Mzee, akachuchumaa pale pale mlangoni mwa gari. Wakasikiliza pamoja hadi mwisho. Tulifungwa moja bila, na wazee wawili wale wakabaki wanabishana kuhusu mabeki hadi usiku wa manane. Asubuhi Mzee ananiuliza tutarudi lini.

Kwa hiyo sasa sijui niseme nini. Nilisema sirudi. Mahali ni pazuri, bafu lina maji moto, yule askari ni mtu wa watu. Labda turudi, kwa ajili yake. Lakini meneja aliponiambia "chaneli si uliiona?" akakataa kurudisha hata nusu ya pesa, hapana, nasema tena hapana. Ukienda, lipia uwanja na umeme basi. Na wakikulazimisha kebo, omba nguzo ya nne, ile ya chini ya mwembe. Kichwa cha waya pale ni kipya, nimekiacha.