Shokapu ya stelingi kwenye Land Cruiser mkonga: inatibu mtetemo au inauficha?

Habari zenu ndugu zangu. Leo niko hapa Gungu, Kigoma, uani kwa fundi wangu, na hicho kishindo mnachokisikia nyuma ni jirani anagonga springi za Fuso, mtuvumilie. Mdogo wangu, sogeza kamera. Nilichoshika hapa ni shokapu ya stelingi. Ni ile nzito, bomba lake nene kuliko lile linalokuja na gari. Niliinunua laki moja na themanini, na tangu nioneshe picha yake wengi mmeniuliza swali moja: gari ikitetemeka mbele, nikifunga hii itapona? Nitajibu, ila naomba usitoke kwenda dukani katikati ya video, kwa sababu mimi ndivyo nilivyofanya na nusura inigharimu.

Gari yenyewe ni hii hapa nyuma yangu, Land Cruiser mkonga, HZJ79, injini 1HZ ya dizeli, silinda 6. Kuanzia mwaka 1999 hizi zinakuja na springi za koili mbele, lakini ekseli imebaki ileile ya chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi. Hilo la chuma kimoja likae kichwani. Tairi la kushoto likirushwa na shimo, la kulia nalo linasikia, na likijibu linamrudishia mwenzake. Kukiwa na chuma chochote kilicholegea hapo kati, wanaanza kurushiana, na wewe mwenye usukani ndiye unayepigwa.

Yangu ilianza nikitokea Kasulu. Nilikuwa na gunia nane za mahindi nyuma na mama mmoja mtu mzima kakaa mbele na mimi. Barabara nzuri, lami, mwendo kama 70. Nikapita kwenye kiungo cha kidaraja, kile kimstari unachokisikia “du-dum”, basi. Usukani ukaanza kwenda kushoto na kulia wenyewe, kwa nguvu ya kunitoa mikono. Dashibodi inalia, kioo cha pembeni kinagonga, yule mama ameshika mlango anasema “Ya Rabi, Ya Rabi.” Haukuacha mpaka mwendo uliposhuka chini ya 40. Nikaegesha, nikashuka, nikapiga magoti nikachungulia chini. Hakuna kilichokatika, hakuna kinachoning'inia. Nikaondoka tena na gari ikaenda vizuri kabisa mpaka Kidahwe, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukikutwa na hali ile, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara lakini vidole gumba viwe nje, usivipitishe ndani ya mikono ya usukani maana vitavunjwa. Acha mwendo ushuke, breki uiguse taratibu. Usishindane nao kwa kukata kona.

Kesho yake nikaenda duka la spea. Yule kijana hata hakutoka nje kuiangalia gari. Akasema, “Kaka, funga shokapu nzito ya stelingi, utasahau.” Nikafunga. Na kweli nikasahau, wiki tatu nzima. Usukani ukawa mzito kidogo, umetulia, nikawa namsifia yule kijana kwa kila dereva ninayekutana naye. Wiki ya nne, njia ya Uvinza, ukarudi. Safari hii ulirudi kwa mwendo wa 55 tu, na hakukuwa na kidaraja, ni rasta za kawaida, yale matuta madogo madogo yaliyopangana, kwenye vumbi.

Niwaoneshe kilichotokea ndani. Shokapu hii upande mmoja inashikwa mahali pasipotembea, upande wa pili inashika fimbo inayosukuma matairi. Ndani kuna mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo. Ukizungusha usukani polepole, mafuta yanapita bila shida. Tairi likirushwa ghafla, mafuta yanagoma kupita haraka, mrusho unakufa humo. Kazi yake ni hiyo, kumeza mirusho ya barabarani. Sasa mimi niliipa kazi nyingine, kuzuia chuma kilicholegea kisicheze, kila dakika, mchana kutwa. Tazama hii raba ya mwisho, imechanika kama mdomo. Na hapa kwenye shingo, mafuta yameanza kutoka. Ilikuwa mpya hii, na yule mdudu aliyekuwa anaitafuna, yaani ule ulegevu, alikuwa anakua huku mimi simsikii.

Nilipoileta hapa kwa fundi, mzee wangu huyu, jambo la kwanza alilofanya ni kuitoa shokapu na kuiweka pembeni. Nikamwambia, “Mzee, bila hiyo gari haishikiki.” Akanijibu, “Ndiyo maana naitoa, mwanangu. Nataka gari iseme yenyewe.” Hilo ndilo ninalotaka ulichukue kwenye video hii. Ugonjwa wa mbele unatafutwa shokapu ikiwa nje.

Tukaanza na matairi, kwa sababu hapo hakuna gharama. Mvua zikinyesha huku kwetu, ule udongo mwekundu unaingia ndani ya rimu, upande usiouona, ukikauka unakuwa tofali. Tulitoa bonge kama ngumi kwenye la kulia. Fikiria: tairi la 7.50R16 likizunguka mara moja linakula kama mita mbili na nusu, kwa hiyo ukiwa 80 linazunguka karibu mara 9 kila sekunde. Ngumi ya udongo inapiga mara 9 kwa sekunde, usukani utaacha kutetemeka? Watu wanakwenda kulipia balansi na udongo wao ndani. Osha rimu kwanza kwa ndani, kwa brashi, ndipo uende kwenye mashine.

Kisha inua tairi, weka jiwe karibu na uso wake, lizungushe kwa mkono. Nafasi kati ya jiwe na tairi ikiwa inabana na kuachia, tairi limevimba au rimu imepinda, na hapo risasi za balansi hazisaidii kitu. Soma na umri wake ubavuni: ukiona tarakimu nne za mwisho ni 2318, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri, yale meno ya juu, linaweza kuwa limeachana nyuzi kwa ndani, na jicho halioni.

Kuna kitu kimoja cha kusikiliza kabla hujafungua nati yoyote. Mtetemo unaosikika kwenye usukani, anza na matairi ya mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti na sakafu, angalia ya nyuma, au propela, lile bomba linalozunguka kupeleka nguvu kwenye ekseli. Propela inazunguka mara 4 na kidogo kwa kila mzunguko mmoja wa tairi kwenye gari kama hii, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka, ni kama mvumo, haupigi kama ngumi. Unaotokea ukikanyaga breki tu, hiyo ni diski. Unaotokea ukifunga habu za mbele, zile zinazounganisha tairi na shafti zake, na kupotea ukizifungua, umeshajua kwamba shida iko kwenye propela ya mbele au shafti za mbele, maana habu zikiwa wazi vile havizunguki. Wangu ulikuwa tofauti na hiyo yote. Unasubiri kishindo, ukianza unakua, hauachi mpaka upunguze mwendo sana. Ukiwa hivyo, usipoteze siku kwenye balansi peke yake. Kuna kitu kimelegea.

Sasa twende chini, kipande hiki tulikirekodi kabla hatujatengeneza. Stendi zimewekwa, sikai chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, na wewe usikae. Shika tairi juu na chini, sukuma, vuta. Umeona? Linacheza. Mafundi wengi hapa watakwambia beringi ya tairi, nunua. Subiri. Mdogo wangu, panda ndani, kanyaga breki usiachie. Haya, nasukuma tena. Linacheza vilevile. Breki ikikanyagwa, diski inashikamana na nako, kile chuma kinachobeba tairi na kugeuka nalo, beringi za tairi hazina pa kuchezea tena. Kama mchezo ungepotea, ni beringi za tairi. Haukupotea, basi ni kingipini, zile beringi mbili, ya juu na ya chini, ambazo tairi linageukia. Jaribio la dakika mbili, halihitaji chombo, na linakuokoa kununua beringi usizozihitaji.

Ukishika kushoto na kulia badala ya juu na chini, hapo unauliza tairodi, ile fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele, na sanduku la stelingi. Zangu zilikuwa nzima.

La pili lilikuwa kwenye hiki chuma kirefu. Kinaanzia kwenye chesisi upande mmoja, kinaishia kwenye ekseli upande wa pili, kazi yake kuizuia ekseli isihame pembeni. Panhadi. Hiki usikikague gari ikiwa juu. Ishushe matairi yakanyage chini, washa injini, mtu atikise usukani kidogo kidogo, kushoto, kulia, wewe weka kidole pale bushi, ile raba ya kwenye tundu, inapokutana na bolti. Mimi nilisikia kama moyo unapiga chini ya kidole. Chuma kinatembea kwanza, ekseli inafuata baadaye. Bushi ilikuwa imekwisha, na mbaya zaidi, tundu la bolti lilishaanza kuwa yai. Bushi mpya kwenye tundu la yai haidumu. Tulijazia kwa kuchomelea, tukatoboa upya.

Kisha kingipini, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijakiona gereji nyingine. Baada ya kutoa tairi na fimbo, mzee alimtuma kijana wake mwaloni Kibirizi akaazime mizani. Ile ya ndoano, ya kupimia migebuka. Nikadhani anataka samaki. Akaitundika ndoano kwenye mkono wa nako, pale tairodi inapofungwa, akavuta taratibu, sawasawa, mpaka nako ikaanza kugeuka, na akasoma sindano. Kushoto ilionesha kilo tatu na ushee. Kulia sindano haikujisumbua, nako iligeuka kama mlango uliopakwa mafuta. Kitabu cha gari kina kipimo cha mvuto huo, unapangwa kwa vibati vyembamba vinavyokaa chini ya kifuniko cha kingipini. Ukipunguza vibati, beringi inabana zaidi. Bila kubana kidogo pale, hakuna kinachoishika nako isipapatike.

Tulipoitoa beringi ya chini ya kulia, iangalie hii, ipeleke kwenye mwanga. Unaona mistari kwenye kikombe chake, imepangana kama alama za kucha kwenye sabuni? Gari mchana kutwa inakwenda moja kwa moja, beringi haizunguki, inagongwa palepale. Imejichimbia. Hii hairudishwi kwa grisi. Na wakati upo humo, ile nati kubwa ya habu ni saizi 54, ina boksi lake. Mwenye kuja na patasi na nyundo mwambie aache. Nati iliyogongwa haipimiki ilivyokaza, na beringi za tairi zinataka kupangwa kwa kipimo.

Baada ya kazi hiyo nikaiendesha bila shokapu, gari tupu, asubuhi barabara haina watu. Nikaanza 40, 50, 60, nikafika 80. Nikapita makusudi kwenye kiungo cha daraja. Usukani ulishtuka mara moja, ukatulia. Mara moja tu! Niliegesha nikakaa kimya kidogo, nikimfikiria yule mama.

Kwa hiyo shokapu. Nimenunua nyingine ya aina ileile, ndiyo, kwa sababu yenyewe haikuwa na kosa. Kwenye rasta za Uvinza tofauti inasikika mikononi, ukifika hujachoka mabega. Kwa anayekwenda lami tu, ile ya kawaida inatosha, hiyo pesa weka kwenye bushi. Dukani ishike wima, ivute na uisukume mwendo wake wote. Igome sawasawa kwenda na kurudi, pasiwe na mahali inapoteleza bure. Halafu isukume ndani, uiachie. Ikitoka yenyewe, ina gesi, na ikifungwa inaweza kuusukuma usukani upande mmoja saa zote. Mimi nachukua inayobaki pale nilipoiacha. Ukishaifunga, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, na mtu achungulie chini. Shokapu isiwe ndiyo inayogota kabla ya stelingi, na isiguse kitu.

Wenye Prado za siku hizi mliouliza, mbele zenu hazina ekseli ya chuma kimoja, kingipini wala panhadi hamna. Ninyi tazameni boljointi, bushi za mikono na tairodi. Habari ya udongo ndani ya rimu inawahusu kama inavyonihusu.

Haya, mdogo wangu, nipe hiyo spana. Nakaza nati za tairi, nashusha gari, mizani ya watu irudi Kibirizi kabla boti za jioni hazijaingia.