Upasuaji wa macho kusini: mtoto wa jicho nyota 4, presha ya macho nyota 2

Tunapima huduma, si jina la hospitali. Huku mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, anayeshuka kutoka Newala au Tandahimba kutafuta daktari wa macho mjini huenda na magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya, mtoto wa jicho na presha ya macho, na huduma ya hayo mawili hailingani.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Matone hayausafishi, na majani yanayokamuliwa jichoni huishia kutia kidonda kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho. Dawa ni kutoa lenzi na kuweka ya bandia. Tatizo la huku ni kusubiri: mtu huambiwa angoje "iive", au angoje korosho ziuzwe, akifika mboni imeshakuwa nyeupe au lenzi imekuwa ya kahawia na ngumu. Lenzi iliyopitiliza inaweza kuvimba na kupandisha presha ya jicho ghafla, na hapo maumivu huwa makali.

Kwa macho ya namna hiyo, upasuaji wa mkono wa chale ndogo unastahili sifa zake. Daktari huchonga njia ya milimita 6 hadi 7 kwenye sehemu nyeupe ya jicho, huitoa lenzi nzima, huingiza ya plastiki, na kidonda hujifunga bila uzi. Mkono mzoefu humaliza kwa dakika kumi hivi, kwa ganzi ya jicho tu. Mashine ya kuvunja lenzi kwa mawimbi ya sauti hutumia chale isiyofika milimita 3 na jicho hutulia mapema, lakini kuivunja lenzi ngumu kunahitaji nguvu nyingi, na seli za ndani ya konea zikifa hazioti tena. Usimdharau daktari asiye na mashine. Wa kumtilia shaka ni yule anayetaka kuitumia kwa kila jicho.

Nyota ya tano inapotelea kwenye vipimo. Kabla ya upasuaji mviringo wa konea na urefu wa jicho lazima vipimwe, kwa sababu kosa la milimita 1 kwenye urefu huleta kosa la karibu dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Mgonjwa akiwekewa lenzi kwa kuwa ndiyo iliyobaki kabatini, atatoka na jicho safi lisiloona vizuri bila miwani mizito. Uliza: lenzi yangu ni dayopta ngapi, na namba hiyo imetoka kwenye kipimo gani? Uliza pia kama wana kifaa cha kukata ute mzito unaojaza ndani ya jicho, maana utando wa nyuma ya lenzi ukipasuka ute huo huja mbele, nao hauvutwi kwa pamba tu.

Usafi nao una namba zake. Iodini ya asilimia 5 hudondoshwa jichoni na kuachwa dakika 3 kabla ya chale. Mwishoni hudungwa sefuroksimu, dawa ya kuua bakteria, miligramu 1 ndani ya jicho. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba hupunguza maambukizi karibu mara tano. Jicho likiuma, likawa jekundu na kuona kukapungua siku chache baada ya upasuaji, rudi siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu. Aliyepasuliwa asikaribie shamba wakati mikorosho inapulizwa salfa. Baada ya miezi au miaka kuona kukififia tena, watu husema mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi, ni utando wa nyuma ya lenzi uliopata ukungu, na leza huutoboa kwa dakika chache.

Presha ya macho, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho, ndiyo inayoshusha alama. Mkanda wa mkononi hauipimi, maana ni presha ya ndani ya jicho, si ya damu. Kiwango cha kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki, lakini mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kufa hata presha ikiwa humo, kwa hiyo namba peke yake haitoshi: mboni ipanuliwe kwa dawa na mshipa uangaliwe. Kilichokufa hakirudi, iwe kwa matone, leza au kisu. Ndiyo maana kumpasua mtoto wa jicho bila kupima presha ni uzembe. Bandeji inatolewa, mboni iliyokuwa nyeupe imekuwa nyeusi, na mgonjwa bado haoni. Tochi tu ingeweza kutoa dalili mapema, kwani ukungu wa lenzi hauizuii mboni kusinyaa ikimulikwa; isiposinyaa, shaka ni ya mshipa.

Matone ya kushusha presha hiyo yapo: timolol ni bei nafuu, mara mbili kwa siku, lakini mwenye pumu asipewe. Latanoprost ni tone moja usiku; chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, jambo ambalo duka la dawa lenye joto la Mtwara linapaswa kuulizwa. Kwa mtu wa Nanyumbu asiyeweza kurudi kila mwezi, leza ina maana zaidi. Utafiti uliofanyika KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, na kutolewa 2021 ulilinganisha leza na timolol: baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifaulu kwenye asilimia 61 ya macho ya leza, dhidi ya 31 ya matone. Kliniki isiyo na leza hiyo iandike rufaa, isimalize kazi kwa kukabidhi chupa.

Kasoro nyingine iko dukani. Macho yakiwasha kwa salfa, watu hununua matone ya deksamethasoni bila cheti na kuyatumia msimu mzima. Matone hayo, yakizidi muda, hupandisha presha ya jicho na huleta mtoto wa jicho. Daktari asiyeuliza "umekuwa ukitia nini?" hajamaliza kupima. Na mgonjwa akishathibitika kuwa na presha ya macho, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waliofika miaka 40 waitwe wapimwe, hata kama wanasoma kila kitu bila miwani.