Mama Asiyejua Kusoma: Mapitio ya Lost in the City ya Edward P. Jones

Hadithi ya "The First Day" ni ya kurasa chache tu, lakini ndiyo iliyonifanya niusome mara mbili mfululizo mkusanyiko huu uliotoka mwaka 1992. Mama anampeleka binti yake kuanza shule jijini Washington. Wanafika kwanza kwenye shule aliyoichagua yeye kwa kuwa inatazamana na kanisa lake, wakaambiwa kwamba kwa mahali wanapoishi mtoto anapaswa kusoma shule nyingine. Huko nako mama anakabidhiwa fomu, na hapo ndipo anapomgeukia mwanamke mwingine kumwomba amjazie, maana yeye hajui kusoma wala kuandika. Anayesimulia ni binti mwenyewe, ambaye tangu sentensi ya kwanza ametudokeza kwamba siku hiyo ilikuwa kabla hajajifunza kumwonea haya mama yake. Jones hamlaumu binti wala hambembelezi msomaji amhurumie mama. Anatuachia vishindo vya viatu vya mama anayeondoka, vikisikika katikati ya kelele za watoto.

Mama mzazi wa Jones naye hakujua kusoma. Aliwalea wanawe kwa kazi za kuosha vyombo, na kufikia umri wa miaka 18 mwandishi alikuwa amehama nyumba mara 18. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu hadithi zote 14 zinataja mitaa kwa majina na kona zake, kwa uangalifu wa mtu anayejua jinsi makazi yanavyoponyoka. Washington hii si ya Ikulu wala ya wanasiasa. Ni ya Wamarekani weusi wa kawaida, kama yule baba mjane katika "The Girl Who Raised Pigeons" anayepanda darini kukagua banda la njiwa kabla binti yake hajaamka, ili akikuta aliyekufa amwondoe mapema.

Jones alifanya kazi karibu miaka 19 katika jarida la masuala ya kodi, huku akiitunga kichwani riwaya ya The Known World, iliyotoka mwaka 2003 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mimi hata hivyo huzirudia zaidi hadithi fupi. Mkusanyiko wa pili, All Aunt Hagar's Children wa mwaka 2006, nao una hadithi 14, na kila moja ina uzi unaoiunganisha na hadithi iliyo nafasi hiyohiyo katika kitabu cha kwanza. Kasoro yake ni wingi wa majina na jamaa, hata ikanibidi niandike koo zao kwenye karatasi ili nisipotee.

Mwenye fedha ya kitabu kimoja anunue hiki cha kwanza, aanze na "The First Day", na aisome polepole, kwa sauti.