TAHADHARI: Diski za "terabaiti 2" zinazouzwa Kisumu ni feki, usifute chochote kabla ya kuzipima

Wapendwa wa Kisumu na viunga vyake, kama unapanga kuhamisha muziki, picha na video zako kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya, soma hapa kwanza. Kuna muuzaji upande wa Kibuye na Kondele mwenye diski za nje zilizoandikwa terabaiti 2, bei shilingi 2,500. Boksi lina jina la kampuni inayojulikana, na jamaa ana maneno matamu.

Mtego wake uko hivi. Anakuambia umletee kompyuta ya zamani akuhamishie kila kitu ukiona kwa macho yako, halafu aichukue kama sehemu ya malipo ya laptopu. Baba yangu mdogo alikubali. Mle ndani mlikuwa na rekodi za kwaya yao, video za harusi na mazishi ya ukoo, na sauti ya nyanya akisimulia jinsi walivyohamia Kano. Folda zote zilionekana kwenye diski, majina yapo, ukubwa wa kila faili uko sawa. Kompyuta ikafutwa papo hapo. Kufika nyumbani, nyimbo za mwanzo zinacheza vizuri. Zilizobaki karibu zote zimegoma.

Niliifungua ile diski kwa ukucha tu. Ndani mna kibao kidogo cha saketi, memori kadi ya gigabaiti 64 kama ya simu, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ili iwe na uzito mkononi. Basi.

Chipu inayoendesha hiyo kadi imepangwa iiambie kompyuta kwamba nafasi ni terabaiti 2, na kompyuta inaamini. Nafasi halisi ikijaa, data inayofuata inatupwa au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo. Orodha ya majina inabaki salama, ndiyo maana folda inaonekana imejaa. Msipoteze pesa kwa fundi anayeahidi kuokoa faili kutoka kwenye diski kama hiyo: kilichotupwa hakipo humo.

Mzee aliporudi aliambiwa bidhaa ikishatoka hairudishwi, na kompyuta yake ilikuwa imeshauzwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa. Lakini muuzaji alihakikisha hakuna risiti, na pesa zilitumwa kwa nambari yake binafsi badala ya nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka. Ukiona hivyo, ondoka. Inaniuma sana, kwa sababu sauti ya nyanya haipatikani kwingine.

Kupima diski ni bure. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux tumia ile ya F3. Zote zinaijaza diski hadi pomoni kisha zinasoma tena kilichoandikwa. Terabaiti 2 halisi kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa sita kuandika na kama hizo kusoma, kwa hiyo iache usiku kucha ikiwa bado tupu. Diski ya terabaiti 1 ikionyesha gigabaiti 931 kwenye Windows usishtuke, hiyo ni hesabu tu ya Windows.

Unapohamisha, nakili, usikate na kubandika. Chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, kisha ucheze video za katikati na za mwisho kwenye orodha, sio ile ya kwanza tu. Na kama kompyuta zote mbili ziko nyumbani, huhitaji diski ya mtu: ziunganishe kwa waya wa mtandao au kwenye ruta yenu, ushiriki folda.

Kama umeshanunua na kompyuta ya zamani bado unayo, usiiuze wala usiiguse. Hifadhi boksi na ujumbe wa M-Pesa, upeleke malalamiko kwa polisi na kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Tukiwa wengi, itakuwa vigumu kutupuuza.