Mbegu za mukuna nzuri, unga wa mukuna wa kutilia shaka

Machi mwaka jana nilinunua kilo moja ya mbegu za mukuna katika duka la pembejeo mjini Morogoro, kwa Sh 8,000, ili nizipande katika kipande cha shamba ambacho mahindi yake yalikuwa yakigeuka manjano kila msimu huku ndago zikistawi. Mmea huu ni wa jamii ya mikunde, tena ni ule ule upupu tunaoujua, ndiyo maana kibarua wangu alikataa kuushika mfuko mpaka nilipoufungua mbele yake. Tofauti ni kwamba upupu wa porini una maganda yenye vinyweleo vinavyowasha vibaya, ilhali aina inayolimwa huwa na manyoya laini yasiyodhuru ngozi.

Mbegu zenyewe sina budi kuzisifu. Kati ya punje 50 nilizozifunga katika kitambaa chenye unyevu, 46 ziliota ndani ya juma moja. Nilizipanda katikati ya mistari ya mahindi yaliyokwisha kutimiza wiki nne, kwa sababu mukuna ukipandwa siku moja na mahindi huyapanda na kuyaangusha. Mahindi yalipovunwa, majani ya mukuna yalikuwa yamefunika ardhi yote, hata jua halikuifikia. Niling'oa mashina machache nikapasua vinundu vya mizizini, navyo vilikuwa vyekundu ndani, dalili kwamba bakteria walikuwa wakifanya kazi yao ya kunasa naitrojeni ya hewani. Mmea ulipoanza kutoa maua niliufyeka, nikauacha uoze juu ya udongo, isipokuwa mstari mmoja wa pembeni niliouacha ukomaze mbegu. Msimu huu mahindi yamekuwa ya kijani kibichi bila mbolea ya kukuzia. Ndago zimepungua, ingawa hazijaisha, na anayetarajia ziishe kwa msimu mmoja atavunjika moyo.

Lawama yangu kwa duka hilo inahusu maelezo. Mfuko unadai kwamba kilo moja inatosha robo ekari. Nilipima punje 100 zikawa na gramu 95, maana yake kilo ina punje kama 1,050, ambazo kwa nafasi ya sentimita 80 kwa 40 hazifuniki hata sehemu moja ya kumi ya ekari. Zaidi ya hayo, muuzaji alinishauri nisage mbegu zitakazobaki niwape kuku. Ushauri huo ni mbaya, kwani mbegu mbichi za mukuna hudumaza vifaranga.

Sababu ya madhara hayo ndiyo hiyo hiyo inayouza kopo nililolikuta katika duka la dawa za asili, mlango wa pili kutoka hapo: gramu 100 za unga wa mbegu za upupu kwa Sh 15,000, unaodaiwa kutuliza kutetemeka. Mbegu hizi zina levodopa, kemikali ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na ambayo hospitalini ndiyo dawa kuu ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, ikichanganywa na karbidopa ili kupunguza kichefuchefu. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, wamezitumia mbegu hizi kwa watu wenye kutetemeka tangu zamani, kwa hiyo sisemi kwamba dai la kopo ni uzushi. Ninachosema ni kwamba kopo halitaji kiasi cha levodopa, halitaji kipimo, wala halimwonyi mgonjwa ambaye tayari anameza vidonge vya aina hiyo hiyo. Nilimweleza muuzaji kwamba ninamtafutia baba mdogo, ambaye mikono yake hutetemeka na anatumia dawa za hospitali. Akanijibu, "Kaka, mzee atumie kijiko kimoja asubuhi na jioni, akiona nafuu aendelee."

Kijiko cha namna gani, hakusema. Mwaka 1989, katika mkoa wa Nampula kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya 200 walichanganyikiwa akili kwa ghafla baada ya kula mbegu za upupu ambazo, wakati wa njaa na ukame, hazikuchemshwa kwa kubadilishiwa maji kama wenyeji walivyozoea. Kwa mmea wenye historia hiyo, lebo isiyo na kipimo haivumiliki, na daktari wa baba mdogo alipoliona kopo alitukataza kulifungua. Nililirudisha dukani likiwa na lakiri yake, lakini fedha sikurudishiwa.

Kwa hiyo mbegu ninazipa nyota nne kati ya tano, na unga nyota moja. Ule mstari wa pembeni ulinipa kilo tano za mbegu, na kwa kuwa mukuna hujichavusha wenyewe kwa kiasi kikubwa, ndizo nitakazopanda masika ijayo.