Kitabu cha Hochschild: akina baba, kisomeni

Nafundisha sekondari hapa Moshi, na kitabu hiki nilikisoma usiku, vyombo vikishaoshwa. The Second Shift, yaani zamu ya pili, ile ya nyumbani baada ya ajira, kilitoka mwaka 1989. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliingia majumbani mwa wanandoa wenye ajira akatazama nani anapika, nani anamwogesha mtoto. Kwa hesabu yake, kazi za nyumbani zilimwongezea mke mwezi mzima wa saa 24 kwa siku kila mwaka, zaidi ya mumewe.

Kati ya wanandoa hao, akina Holt ndio walionishika. Nancy anachukua ghorofa ya juu: jiko, sebule, vyumba. Evan anachukua chini: gereji na mbwa. Wote wawili wanauita mgawanyo sawa! Hochschild hawasimangi, anaonyesha jinsi wanavyoulinda uongo huo ndoa isivunjike. Niliisoma sura hiyo mara mbili, kwa uchungu.

Upungufu wake ni kwamba ni Marekani tupu. Huku kwetu kuna majani ya ng'ombe, mama mkwe kihambani (shamba la nyumbani la ukoo), na dada wa kazi ambaye zamu yake haiishi. Lakini nunueni. Natamani kitafsiriwe, kitumike kwenye mafundisho ya ndoa kanisani.