Sistimu ya kuhifadhi faili za ofisi: poa, ila uliza inaanza kuhesabu lini

Ofisi yetu iko Industrial Area, na stoo ilikuwa imejaa maboksi ya faili mpaka dari, panya ndio walikuwa wanazisoma. 2019 tukanunua hii sistimu, jina naliacha, tukakaa miezi tukiskani na kuaplodi. Kutafuta ni raha, unaandika namba ya invoisi na hiyo hapo, kwa hilo sina neno.

Shida ni kuekspaya. Jamaa wa mauzo alituambia tuweke miaka 5 kwa kila kitu halafu itajifuta yenyewe, nasi tukaitikia juu hapa Kenya rekodi za kodi kisheria zinakaa miaka 5. Kumbe inahesabu kutoka siku uliyoaplodi, si tarehe iliyo kwenye karatasi! Invoisi za 2012 zikakaa hadi 2024 bure tu, sawa, hapo tulipoteza nafasi. Lakini mikataba ya kazi jameni. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka hizo karatasi zikae miaka 5 BAADA ya mtu kuacha kazi, na dereva wetu hajaacha, anashika lori kila asubuhi, siku anataka barua ya kupeleka benki natafuta mkataba wake, patupu, ati muda umeisha.

Kilichotuokoa ni kwamba kuisha muda si kufutwa. Faili inafichwa kwanza, halafu kuna zoezi la usiku la kufuta kabisa, na kwetu lilikuwa limewekwa lisubiri siku 30. Tukawahi. Na hata ikifutwa, nakala bado iko kwenye bakapu mpaka bakapu yenyewe ifike zamu yake ya kufutwa, kwa hivyo usiharakishe kumwambia mteja data yake imeenda, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi.

Kitu nimependa: faili ikiwa na kesi kortini unaipiga kufuli, muda ukiisha haiguswi. Na zile folda za odita unaweza kuongeza muda lakini kupunguza hata admini hawezi (bosi alijaribu).

Saapoti wanashika simu, ila kubadilisha mikataba ihesabiwe kutoka siku mtu anaacha kazi walituchaji kama kazi mpya, na zile za zamani hazikujibadilisha, nazipitia moja moja. Nyota 3. Nimefika herufi M.